Koo la Mgono katika Mguu wa Mama

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaokauka mchangani ndiyo inayonirudisha nyumbani, mjini Baraka, kila ninapofumba macho hapa bwenini. Kwetu si harufu mbaya; mgeni tu ndiye anayeshika pua. Kiangazi kile cha ugonjwa wa Mama nilikuwa bado katika shule ya msingi, na Mama alisimama ufukweni tangu jua linapochomoza, akitandaza samaki, akiwageuza, akifukuza kuku. Watu walimsifu kwamba hajui kukaa. Mimi nilikuwa mtoto wa haya kupita kiasi, wageni wakija najificha nyuma ya kikwembe alichojifunga kiunoni, na ndiyo sababu niliiona miguu yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mishipa ilikuwa imevimba na kujisokota kama kamba za wavu uliotupwa ovyo. Juu ya kifundo ngozi iligeuka nyeusi, ikamwasha, akajikuna, na pale alipojikuna pakatoka kidonda ambacho hakikutaka kufunga.

Koko, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Alikitazama kidonda, akatwaa kamba ya raffia, akamfunga Mama chini ya goti, kwa nguvu, kama wanavyofungwa walioumwa na nyoka. "Tufunge hapa, damu mubaya isipande ku roho," alisema. Kwetu kila mtu angefanya vivyo hivyo. Lakini mguu ulizidi kuvimba mpaka ukang'aa, na kidonda kikawa kinatoa maji. Kule Lweba, kijiji jirani, kulikuwa na mama mmoja aliyekatwa mguu kwa kidonda cha namna hiyo. Sisi watoto tulimjua kwa mlio wa fimbo yake. Nikaanza kuusikia mlio ule ndani ya nyumba yetu, ingawa hakuna aliyeshika fimbo.

Hatimaye Baba alitupeleka kwenye zahanati ya misioni, Koko akiwa mbele. Munganga, tabibu wa pale, alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya upole. Akaigusa ile kamba.

"Nani alifunga hii?"

"Ni mimi," Koko akajibu, kidevu juu.

"Mama Koko, damu ya huyu mama haipande. Iko inashindwa kupanda, njo ugonjwa yenyewe. Na we umeifungia njia."

Akaikata kamba. Halafu akaeleza kwamba ndani ya mishipa ya miguu mna vilango vidogo, vinavyoiacha damu ipite kwenda juu na kuizuia isirudi chini. Vya Mama vililegea, damu ikawa inarudi na kutuama. Koko alikunja uso. Kazi yake ilikuwa kusuka migono, ile mitego ya fito tunayotega mtoni, yenye koo jembamba linalomwingiza samaki na kumkatalia kutoka.

"Kumbe muke ya mutoto wangu iko na mugono mu miguu!" akasema. "Na samaki iko wapi?"

Munganga alicheka mpaka akafuta macho. "Njo vile, Koko. Koo ya mugono imelegea."

Tangu hapo hakuna aliyehitaji kumfundisha Koko kufunga bandeji. Kila asubuhi, kabla Mama hajashusha miguu kitandani, Koko alianza kwenye vidole na kupanda, mzunguko juu ya mzunguko, kaza chini, legeza kidogo juu, kama anavyozungusha fito. Ila munganga alisema pia kwamba Mama alale mchana akiwa ameinua miguu kupita kifua, na hapo ndipo tulipokwama. Kwetu mke hamwelekezei mama mkwe nyayo. Kila Koko alipoingia, Mama alishusha miguu haraka, na Koko aliingia mara nyingi. Kidonda kikabaki wazi. Nilijua kwa nini, na nikanyamaza. Haya yangu ilikuwa kubwa kuliko woga wangu.

Siku moja Koko alikuta bandeji imelowa. Akauburuta mfuko wa mihogo mikavu hadi mwisho wa mkeka.

"Lala. Miguu juu."

"Mbele yenu, mama?" Mama aliuliza, karibu kulia.

"Mbele yangu. Mugono ya koo mulegevu, mi siisimamishe mu maji na kuomba Mungu."

Mama akalala, akajifunika uso kwa kitambaa. Kabla mvua hazijakolea, kidonda kilifunga.

Vile vilango havikupona, wala havitapona. Munganga alituambia wazi. Mpaka leo Mama anafunga bandeji kila asubuhi, anatembea badala ya kusimama tu, na ndagala anawageuza kwa zamu na jirani. Mimi, tukisimama mstarini shuleni, huinuka juu ya vidole na kushuka, ili misuli isukume damu. Wenzangu huniuliza nacheza ngoma ya nani. Zamani ningezama ardhini; sasa nawaeleza habari za mgono, na wengine wamekwisha kuanza kuniiga.

Likizo iliyopita walikuja wageni kutoka Lweba, nyumba ikajaa wakwe wa Mama. Mama aliweka miguu juu ya mfuko mbele yao wote, uso wazi. Wageni wakageuzia nyuso ukutani. Koko akachukua kigoda chake, akakipeleka kwenye upande wa nyayo, akakaa hapo, akaomba chakula kiletwe.