Moto Aliotaka Mzee

Sijalipenda gari lile hata siku moja. Lilikuwa gari la mashindano la enzi za babu yangu, milango miwili, rangi ya njano iliyofifia, halina sailensa. Mwenye nalo, mzee wa mashamba ya machungwa kule Kang'ata, alilileta kwetu Masuguru juu ya lori, akanikuta uani nimelala chini ya gari la jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Alinitazama kama mtu aliyepimiwa nyanya mbovu. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga injini za watu wenye subira na kutazama video kwenye simu kwa bando la intaneti. Fundi mmoja wa Korogwe alinibandika jina, fundi wa bando, likashika. Mzee yeye aliamua kuniita binti.

"Binti, gari hii ilikuwa inatoa moto. Siku hizi hamna kitu. Nataka moto urudi kabla ya maonyesho ya Handeni. Ukiweza, gari zangu zote nakuachia wewe uzitengeneze. Ukishindwa, usije ukaniambia tena kwamba wewe ni fundi."

Kwetu sisi tunaoshinda na mikono yenye grisi, moto ni ule umeme unaoruka kwenye plagi. Gari likigoma kuwaka, swali la kwanza ni hilo: lina moto? Sikuwaza maana nyingine.

Nikabadilisha plagi, koili na waya zake. Nilifunga, nikapata wasiwasi, nikafungua tena. Gari lilikuwa likikohoa na kupiga mishindo kwenye ekzosi, lile bomba la moshi, na kila mshindo niliusikia kama tusi ninalotukanwa mbele ya majirani. Nikapunguza mafuta kwenye kabureta, nikategesha taimingi upya ili plagi ziwashe kwa wakati wake, nikakosana na mama kwa sababu ya chakula kilichopoa. Mwishowe likanguruma sawasawa, laini kama cherehani. Niliegemea boneti nikalia. Sioni aibu kusema hivyo.

Kule uwanjani Handeni, magari ya zamani yalipita moja moja mbele ya watu. Yalipasuka kama bunduki, ndimi za moto zikatoka nyuma, watu wakapiga vigelegele. Likafuata letu, mzee kwenye usukani. Likapita kimya, safi, bila hata moshi.

"Hiyo ya njano inawahi ibada?" mtu akauliza.

"Iache, imefunga saumu."

Yule fundi wa Korogwe naye alikuwepo, kaja kuniona nikianguka. "Fundi wa bando," aliita, "bando limekata?"

Walicheka. Niliwachukia wote, hasa waliocheka kwa adabu.

Mzee alisimamisha gari karibu nami, hakushuka. "Moto uko wapi?"

"Upo, mzee. Plagi zote nne zinatoa."

"Plagi? Nani alikutajia plagi? Moto wa nyuma, binti. Wa ekzosi. Au unadhani watu wamekuja kuona plagi?" Akatazama njia. "Nina mzunguko mmoja tu umebaki."

Nilichukua bisibisi. Nikafungua skurubu ya kabureta mpaka mafuta yakazidi, nikaichelewesha taimingi. Kila kosa nililokuwa nimelifuta nililirudisha mahali pake. Gari likaanza kukohoa, petroli ikanuka uwanja mzima. Kwenye kona mzee akatoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Mshindo ukapiga, na moto mrefu kama mkono wa mtu ukachomoka nyuma. Mbuzi wa Wamasai waliokuwa pembeni wakatawanyika. Watu walishangilia kwa nguvu kuliko mara zote.

Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Fundi," akasema.

"Mzee, sasa gari ni bovu."

"Najua. Naiendesha tangu mama yako hajazaliwa. Nakuletea na nyingine mbili, uziharibu hivi hivi."

Neno moja nililolisubiri miaka yote, nikapewa kwa kazi chafu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisema sawa mzee, na nikaendelea kumchukia.

Ziko uani sasa, zote tatu, zimeujaza ukuta wetu masizi. Mama akienda sokoni na majirani wakiwa shambani, nazirekebisha moja baada ya nyingine mpaka zingurume kama cherehani. Nakaa nasikiliza kidogo. Halafu naziharibu tena kabla mzee hajafika.