Aliyeningoja Mgahawani Kamunyonge

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningesimuliwa na mtu ningecheka. Lakini ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka, na mdogo wangu Wegesa alikuwepo.

Hapa Kamunyonge Wahindi walifungua mgahawa mdogo. Nilikuwa napitaga pale kila siku nikitoka dukani kwangu, harufu ya bizari inanivuta, siingii. Siku hiyo Wegesa akanishika mkono, akasema leo tujaribu. Hatukuwa tumepanga, wala hatukumwambia mtu.

Mwenye mgahawa, mama wa Kihindi, hakutukaribisha. Aliniuliza kama mimi ndiye Nyabise, kisha akasema kwa ukali, "Mama yako anakungoja tangu asubuhi. Amekataa kula mpaka uje, na anatukana wateja wangu. Mtoe."

Mama yetu tulimzika Buswahili mwaka juzi. Na jina la Nyabise alikuwa ananiitaga yeye peke yake.

Kwenye meza ya kona alikaa bibi nisiyemjua. Sura ngeni kabisa, kitenge safi, mbele yake sahani ya wali na dengu. Wewe ungekimbia? Mimi nilisogea. Akanidaka mkono, akanikalisha. Vidole vyake vilikuwa vya moto kama kikaango. Alipofungua mdomo, ikatoka sauti ya mama.

"Nilikuita siku tisa, Nyabise. Ukasema una wateja. Sasa kula, nikuone."

Ni kweli. Mama alipougua alinipigia simu kila siku, nami nilikuwa nimemnunia kwa sababu shamba alimpa Wegesa. Sikwenda. Hayo ya wateja nilimwambia yeye tu, hakuna mwingine aliyesikia. Nikamwomba msamaha. Akatema mate kwenye ile sahani, akanisukumia. Nikala. Niamini, nilikula mpaka punje ya mwisho, na hakupepesa jicho hata mara moja. Kisha akainuka, akatoka. Wegesa alimkimbilia mpaka mlangoni. Barabara ilikuwa nyeupe, huku na huku hakuna mtu.

Wegesa hakujua kwamba mama aliniita, mpaka alipoyasikia pale mezani. Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Alama za vidole ziko hapa mkononi, hazifutiki, na kila ninachokula kina ladha ya udongo.

Wewe unayepigiwa simu na mzazi wako huko kijijini, ukamjibu una kazi, nenda leo. Mimi nilimwomba msamaha akiwa ameketi mbele yangu. Hakunijibu.