Nilivyofunga website ya kanga Kariakoo, mteja wa Moroni akabaki nje

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeona vijana wanauliza humu control panel ya hosting inaanzwaje, wengine wanaogopa hata kubofya. Ngoja niwape yangu. Sina sababu ya kuongopa, aibu yenyewe ni ya kwangu.

Ni enzi zile biashara zimefunguliwa, Kariakoo kila ukigeuka kuna internet cafe mpya. Nilikuwa nauza kanga za jumla dukani kwa Bi Mwanaidi, mama wa Magomeni, mkali lakini ana roho nzuri.

Kwa wasiojua: kwenye kanga, mtindo mpya ni siri. Ukiutundika mlangoni asubuhi, jirani ameshaanza kutafuta wa kumchapia kama huo. Mali mpya tulificha stoo, anaonyeshwa mteja wa uhakika tu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Sitti wa Moroni, kule Comoro. Msimu ule akasema amechoka kupanda ndege kuja kuchungulia stoo. Tumwonyeshe mali akiwa kwao, la sivyo anahamia Dubai.

Wakuu, akiondoka yule, duka linayumba.

Nikajitosa. Nikamwambia bosi tufungue website.

"Fungua," akasema. "Ila jirani akiona hata pindo moja, utanitambua."

Nikalipia hosting, nikapanda cafe iliyokuwa ghorofani juu ya duka. Kufungua control panel, vialama kibao! Cha email, cha database, vingine hata sijui vya nini. Jasho likanitoka.

Nikaanza na File Manager. Kurasa zangu nikazipakia nje ya folder la public_html, nikifungua site naona patupu. (Hapo ndipo wengi mnapokwama. Kisichokuwa ndani ya public_html, wageni hawakioni.)

Nikazihamishia ndani. Loh! Kanga yetu mpya ya mikorosho ikajaa kwenye screen. Nilipiga kelele mpaka cafe nzima ikageuka.

Sasa jirani je? Nikakuta sehemu ya kufunga folder kwa password. Nikafunga, nikaweka username yangu, nikajaribu, ikakubali. Nikafungua mara ya pili, ya tatu, ikaingia bila kuuliza kitu. Nikajiaminisha kwamba Mama Sitti akipewa anwani tu, anapita, nikampa bosi amtumie.

Kumbe browser ilikuwa inanikumbuka mimi!

Kesho yake Bi Mwanaidi akapanda ngazi anahema, simu sikioni.

"Mama Sitti anasema anaulizwa password! Anasema kama hatumwamini tuseme, aende zake."



"Ondoa hilo kufuli!" akasema bosi.

"Nikiondoa, Bi mkubwa, na jirani anaingia."

Nikarudi kwenye panel, nikasoma ukurasa ule wa kufuli taratibu, kitu ambacho nilipaswa kufanya tangu mwanzo. Chini kabisa kulikuwa na sehemu ya kuongeza watumiaji. Kila mtu na username yake!

Nikamtengenezea Mama Sitti ya kwake, na password. Bosi akamsomea herufi moja moja kwenye simu. Tukasubiri. Net ya siku zile mnaijua.

Ghafla nikasikia sauti ya Moroni hadi nilipokaa: "Mwanaidi! Hii ya mikorosho usimuuzie mtu mwingine! Nifungie robota zima!"

Bi Mwanaidi akapiga kigelegele. Mimi nikasimama juu ya kiti, sioni haya kusema.

Kigelegele kile kikamleta jirani mbio, anauliza kuna harusi ya nani. Bi Mwanaidi akavua mtandio wake, akaifunika screen yote, ndipo akamgeukia: "Karibu, jirani. Hatujambo."

Somo langu: panel haiumi, isome kabla ya kubofya. Na usiseme site iko hewani mpaka uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Haya, nani mwingine humu amewahi kumfungia mteja wake nje? Shusheni hapa chini, nisichekwe peke yangu.