Kaka yangu alinyimwa msaada wa ulemavu hapa Stockholm kwa sababu tulimpokea mgeni vizuri mno

Habari zenu wakuu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Leo nimeona nilete la kwangu. Sitatia chumvi, maana lenyewe lina chumvi ya kutosha. Majina nimebadilisha, mengine yote yalitokea hivi hivi ninavyoyaandika.

Niko Stockholm, naendesha basi, naishi Sundbyberg. Kaka yangu mkubwa, tumwite Elisha, anaishi Tensta na mke wake, shemeji Damaris. Sisi ni watu wa Moshi, shemeji ni Mkenya wa Nakuru. Wana binti mmoja, Neema, yuko chuo. Amezaliwa huku huku, ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi.

Kaka ni mtu wa kompyuta. Amefanya kazi Kista kwenye maofisi ya IT miaka na miaka. Ndiye aliyenipokea nilipofika, ndiye aliyenifundisha kupanda treni. Kutoka Kista kwenda Tensta unashuka Västra Skogen unabadilisha treni. Nilipokuwa mgeni alikuwa ananirudishia somo hilo kila tukipanda, mpaka nikawa nanuna.

Huyo huyo ndiye aliyeanza kupotea Västra Skogen.

Mwanzoni tulicheka. Anapitiliza mpaka mjini kati, anapiga simu eti treni imebadilishwa njia. Baadaye kazini wakaanza kulalamika. Mtu aliyekuwa anawafundisha wenzake akawa anauliza password kila asubuhi.

Hapo ndipo jamii ikatoa vipimo vyake. Wengine walisema pombe, na kaka hajawahi kunywa hata bia. Wengine walisema stress. Jamaa mmoja wa kanisani alitaka kunipa namba ya mtaalamu wa nyumbani anayefungua watu kwa WhatsApp. Namba niliichukua, sikuipiga.

Hospitali walisema ni demensia. Ule ugonjwa wa kusahau tunaoujua kwa wazee, kumbe unakamata na watu wa makamo. Kaka alikuwa ndiyo kwanza amevuka hamsini. Daktari alisema haurudi nyuma, unakwenda mbele tu.

Sasa twende kwenye mada yenyewe.

Shemeji anafanya kazi shule ya chekechea. Akitoka asubuhi, kaka anabaki peke yake, na kaka akibaki peke yake anatoka. Siku moja, theluji imejaa, alitoka na kandambili akaletwa na polisi. Shemeji akaanza kuomba ruhusa kazini, akaomba tena, mpaka bosi wake akamwambia kwa upole kwamba haiwezi kuendelea hivyo.

Kama asingepatikana mtu wa kukaa naye, kaka alikuwa anapelekwa makao ya wazee. Mtu wa hamsini na kitu, anayepanda ngazi akipiga mluzi, akakae na bibi wa miaka tisini mbele ya televisheni. Shemeji alikuwa halali kwa sababu ya hilo, na mimi pia lilinikosesha raha.

Muuguzi wa kliniki ya kumbukumbu ndiye aliyetufungua macho. Alisema huku kuna sheria inaitwa LSS, ya watu wenye ulemavu mkubwa wa kudumu, na mtu aliyepata demensia kabla ya uzee anaweza kuomba. Ukikubaliwa, manispaa inakulipia mtu wa kumsindikiza mgonjwa akitoka, na mtu wa kukaa naye nyumbani ili wewe upumue. Wakuu, wengi wetu huku hatulijui hili. Tunadhani ulemavu ni kiti cha magurudumu.

Tukaomba. Manispaa wakasema afisa atakuja nyumbani kuona hali.

Nyie mnatujua. Ukiambiwa kuna mgeni anakuja, tena wa serikali, unafanyaje?

Shemeji alisafisha nyumba mpaka mapazia. Alimnyoa kaka, akamvalisha shati jeupe la harusi ya nani sijui. Akapika pilau, chapati na kuku, vyote vya mtu mmoja anayekuja kuandika. Mimi nilitumwa soda.

Manispaa walitaka kuleta mkalimani, shemeji akakataa. Wakalimani wa Kiswahili mji huu tunawajua wote. Ukilia mbele ya mmoja wao Jumanne, Jumapili mnashikana mikono kanisani. Akasema Kiswidi tunakijua, hatuna haja.

Afisa akaja. Mama wa makamo, mpole, viatu kavua mlangoni.

Kaka akasimama. Jamani, kaka alikuwa mwenyeji. Alimpa mkono, akamkaribisha kiti, akamuuliza hali ya njia kwa Kiswidi safi cha ofisini. Ugonjwa huu una tabia hiyo, mgeni akija mtu anajikusanya. Afisa akimuuliza swali, kabla hajakwama shemeji ameshalimalizia. Je, anaoga mwenyewe? Anaoga. Anajipikia? Anasaidia saidia. Kaka akipapasa kijiko, kijiko kimeshafika mkononi. Alikuwa anamsitiri mume wake, na kazi hiyo anaifanya vizuri sana.

Mimi nilikuwepo, nilikula chapati.

Jibu lilikuja kwa barua. Wamekataa. Waliandika kwamba mahitaji ya kaka yanatimizwa tayari nyumbani, na kwamba amepokea ziara vizuri.

Shemeji alikasirika siku nzima. Alisema mama yule alikula chakula chake akaenda kumwandikia vibaya. Mimi nikapiga simu kuuliza, nimejiandaa kugombana. Yule afisa alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Mimi naandika ninachokiona. Na nilichokiona ni mwanaume anayekaribisha mgeni kuliko watu wengi ninaowatembelea."

Nikamuuliza sasa tufanye nini. Alinieleza tunaweza kuomba upya tukiwa na maelezo ya daktari yaliyoshiba, na kwamba atakuja tena.

Kazi ikawa kumshawishi shemeji. Nilimwambia safari hii hakuna kupika, hakuna kumvalisha, hakuna kumjibia. Mkalimani aje, awe wa kwenye simu, wa mji mwingine, asiyetujua.

Akaniangalia kama nimemtukana. "Shem, unataka nimwanike mume wangu mbele ya watu?"

Aliyejibu ni Neema, kwa Kiswidi, bila kupandisha sauti. Alisema, "Mama, yule si mgeni." Shemeji aliingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka akasema sawa.

Siku afisa aliporudi, nyumba ilikuwa kama ilivyo siku zote. Kaka alivaa mwenyewe, mashati mawili, moja juu ya lingine. Mkalimani alikuwa kwenye spika ya simu, lafudhi ya Kongo, anatia "donc" ya Kifaransa katikati ya Kiswahili. Tukakaa.

Hakuna aliyeleta chai. Kaka akatuangalia mmoja mmoja. Mgeni kakaa, mezani hakuna kitu. Mtu aliyelelewa kwetu hawezi kuvumilia hilo, hata kama amesahau mengine yote.

Akainuka, akaenda jikoni mwenyewe. Toka sebuleni unamwona vizuri.

Alifungua bomba, akaliacha wazi. Alifungua kabati, akafunga, akafungua tena lile lile. Alishika birika la umeme akaliweka juu ya jiko, akawasha jiko, afisa akainuka haraka akaenda kulizima. Shemeji alikuwa amekumbatia mto wa kochi, kucha zimezama ndani. Nilimshika bega asinyanyuke, na kusema kweli nilikuwa najishika na mimi.

Mwisho kaka akarudi na sufuria tupu, ndani kuna kijiko. Akaliweka mbele ya afisa kwa mikono miwili.

"Karibu," akasema.

Mkalimani alitafsiri. Afisa akashukuru, akalisogeza sufuria karibu yake kama limejaa. Akamuuliza kaka maswali yake kwa Kiswidi, na kaka akamjibu kwa Kiswahili, mengine na Kichaga ambacho mkalimani hakukiweza. Safari hii hakuna aliyemalizia jibu lake. Akikwama, anabaki amekwama, na sote tunasubiri.

Afisa akaondoka. Kaka akamgeukia mke wake.

"Mama Neema, leo tulikuwa na mgeni, na hukunisaidia."

Wakuu, mengi kayasahau. Hilo aliliona.

Shemeji alikwenda jikoni akapika chai, akamletea. Mimi nilishika simu nikajifanya nasoma. Nililia kwenye gari.

Safari hii walikubali. Anakaa nyumbani kwake, shemeji yuko kazini, na kijana wa Burundi analipwa na manispaa kumsindikiza. Wanapanda treni pamoja. Kaka anaamini kijana ndiye mgeni Stockholm na yeye ndiye anamfundisha njia. Kijana ameniambia kila wakikaribia Västra Skogen, kaka anamgusa goti na kumwambia hapa tunashuka, usisahau. Siku nyingine anasema hivyo kwenye kituo kingine kabisa. Kijana anashuka naye, wanasubiri treni inayofuata.

Nilichojifunza ni hiki. Kwetu kumsitiri mgonjwa ni upendo, na ni kweli ni upendo. Lakini afisa wa msaada hapimi upendo wenu, anapima anachoshindwa mtu wenu. Ukimfunika, hakuna cha kuona. Mwacheni aonekane, mkubali mkalimani, na kama una ndugu ambaye hajazeeka na ameanza kupotea njia anazozijua, usikae na majibu ya WhatsApp. Nenda hospitali, kisha uliza LSS.

Kuna kitu kimoja tu sijakimaliza, ndicho kilichonileta hapa.

Msaada huu unakaguliwa upya. Mwezi ujao yule afisa anakuja tena, na shemeji itabidi akae kwenye kochi lile lile amwangalie mume wake. Jana amenipigia kuniuliza kama anaweza kupika chapati kidogo tu, mbili, za kaka kumkaribishia mgeni.

Nimemwambia hapana. Hajanijibu mpaka sasa. Ninyi mngemwambiaje?