Breki ya Mbele

Fundi Herman anatengeneza pikipiki hapa Kilosa mjini, na mimi nauza vitumbua kwenye baraza ya gereji yake. Kwa hiyo kila anapogombana na bodaboda, yaani kila siku ya Mungu, ugomvi naanza kuusikia mimi. Na ugomvi wenyewe ni mmoja tu: breki ya mbele.

Sijui nani aliwaloga vijana wetu. Pikipiki haijamaliza hata wiki tangu itoke dukani, wameshaipeleka kwa fundi achomoe waya wa breki ya mbele. Wanasema ya mbele inapindua, inakurusha juu ya usukani kama gunia la mahindi. Basi wanabaki na ya nyuma peke yake, ile ya kukanyaga, na miteremko ya kuelekea Kisanga wanaishuka hivyo hivyo, abiria mgongoni. Herman huwakatalia. Wao humsikiliza kwa adabu, humpa shikamoo yake, kisha huvuka barabara kwa fundi mwingine asiye na maneno.

Kuwaeleza amewaeleza mpaka sauti imekauka. Siku moja aliniinua kwenye kigoda changu, akanitwika ndoo ya maji, akaniambia nitembee haraka halafu nisimame ghafla mbele ya vijana wote. Maji yalimwagika mbele, yakanilowesha uso na kanga.

"Mmeona uzito unakokimbilia?" akawauliza.

Alitaka waelewe kwamba chombo kikifunga breki, mzigo wote unaegemea gurudumu la mbele. La nyuma linabaki jepesi, halina cha kushikia chini, linaburuzika tu. Vijana waliitazama kanga yangu, wakacheka, wakaenda zao. Nilikasirika, na hasira zangu sikujua nizielekeze kwake au kwao.

Lakini aliyemkera kuliko wote alikuwa Yared. Yared amemwoa Salome, mdogo wake Herman, na kazi yake ni kubeba watu kutoka stesheni ya treni kwenda vijijini. Kiangazi kilichopita alikuwa amempakia Salome, ng'ombe wakakatiza barabara. Akakanyaga breki yake moja, gurudumu la nyuma likakamata na kuserereka, pikipiki ikaenda upande upande mpaka ikasimama kwenye mbavu za ng'ombe. Walipofika gerejini Yared alisimulia kwa kicheko. Salome hakucheka. Herman alimwomba shemeji yake, akamsihi, mwisho akamtukana. Yared akajibu kwamba yeye na breki yake ya nyuma wanajuana.

Haikupita muda akaileta pikipiki kufungwa mnyororo mpya. Herman akaufunga mnyororo, halafu, roho ikiwa bado inamchemka, akarudisha na waya wa breki ya mbele. Akaukaza, akaujaribu, ukashika. Hakumwambia mwenyewe wala hakuniambia mimi. Haya nimeyajua baadaye kwa kinywa chake. Aliwaza kwamba siku ng'ombe watakapokatiza tena, mkono wa Yared utabonyeza wenyewe, na Salome atarudi nyumbani mzima.

Alichokuwa hakijui ni mazoea ya Yared. Mkono wa breki ya mbele, ule wa kwenye usukani, uliokuwa umekufa miaka yote, aliugeuza kitu cha kuchezea. Akikunja kona anauminya, akingoja abiria anauminya, kama mtu anayetafuna bigijii. Siku hiyo hiyo, kwenye kona ya changarawe kabla ya Kisanga, akiwa hana abiria, akauminya. Gurudumu la mbele likafunga likiwa limekunjwa, likaponyoka, pikipiki ikamlalia. Mguu ukavunjika chini ya goti.

Habari ilifika Kilosa kabla ya majeruhi, pamoja na ile ya waya wa mbele kukutwa umerudishwa. Bodaboda wakajaa barazani kwangu kumuuliza fundi kama hakuwa ameambiwa kwamba ya mbele inapindua. Herman akatoa mishipa ya shingo: haikupindua, iliteleza, na iliteleza kwa sababu ilibanwa kwa nguvu kwenye kona. Alikuwa anasema kweli tupu, na kila neno lilizidi kumzamisha. Vijana wawili pekee aliokuwa amekwisha kuwashawishi wabaki na breki ya mbele walitaka wachomolewe waya hapo hapo. Nilitamani kuwamwagia mafuta ya vitumbua.

Kesho yake tulikwenda wote wawili hospitali. Yared amelala, mguu kwenye plasta, Salome pembeni yake, hamtazami kaka yake. Herman alipomaliza pole akaanza tena habari za uzito na changarawe, na namna ya kubonyeza taratibu pikipiki ikiwa imenyooka. Nilimfinya mkono anyamaze, wapi. Yared alimwacha amalize.

"Shemeji, umenipigia kelele miaka yote," alisema. "Siku niliyohitaji kuambiwa neno moja tu, ukanyamaza."

Herman akainuka, akaaga.

Salome ndiye aliyetusindikiza hadi mlangoni. Alimwomba kaka yake, kwa sauti ya chini, auchomoe ule waya kabla mumewe hajapona. Nilitaka kumkumbusha wale ng'ombe, nikamwona macho yake mekundu, nikashindwa.

"Sawa, mdogo wangu," alisema Herman. "Nitauchomoa."