Vitabu Chini ya Ngozi za Mbuzi

Asubuhi ile mlango wetu haukuwa umefungwa kwa ufunguo, lakini waliuvunja. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Kabla sijageuka, mbao zilikuwa zimelala sakafuni na wanaume waliovaa makoti wamekwisha kuingia, mmoja wao ameshika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe.

Tulikuwa tunaishi Kariobangi, mimi na mume wangu, katika nyumba ya vyumba viwili ghorofani. Kimoja tulilala, kingine kilikuwa cha vitabu. Watoto hatukuwa nao bado. Mimi nilifundisha shule ya chekechea, yeye alikuwa mhadhiri wa historia chuo kikuu. Wenzake walikaa kwenye mitaa yenye bustani, upande ule mwingine wa mji. Yeye alisema hawezi kuandika habari za watu ambao hasikii sauti zao, akakataa katakata kuhama upande wetu, Eastlands.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya lile jaribio la kupindua serikali, na polisi walikuwa wakiwachukua wahadhiri mmoja mmoja. Tulijua zamu yake ingefika. Siku hizo alikuwa akivaa viatu mara tu anapoamka.

Asubuhi ile hawakumuuliza mume wangu jina. Yule wa nyundo alimpiga tumboni kwa mpini, naye akajikunja. Mwingine akaokota kitabu kinene mezani na kumpiga nacho usoni, kwa upande wa mgongo wa kitabu, hadi pua ikapasuka na damu ikachuruzika kwenye kurasa. Mume wangu alisema, kwa sauti ile ile ya darasani, "Hicho si changu. Nimekiazima." Akapigwa tena kwa hicho hicho.

Lazima nieleze alivyokuwa akisoma. Hakufungua kitabu bila pensili mkononi. Pembeni mwa kila ukurasa alijibizana na mwandishi kwa mwandiko mdogo mno, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kikamba cha kwetu. Alipokubali aliandika "Sawa", basi. Alipokataa aliandika sababu, na maneno yake yakazunguka ukurasa mzima mpaka yakapanda juu na kukosa pa kwenda. Likizo zote alizunguka Ukambani akiwasikiliza wazee waliobeba mizigo ya misafara au kujenga reli, na watoto wa wazee hao. Aliyoambiwa aliyaandika palepale pembeni, karibu na maneno ya kitabu yaliyosema kinyume. Wengi wa wazee hao walikuwa wamekwisha kufa. Walichosema hakikuwa mahali pengine popote.

Mkubwa wa wale wanaume alinivuta kwa mkono hadi kwenye rafu.

"Wewe mama, kuja hapa. Hii imeandikwa nini?"

Nikasoma. "Uongo. Babu yangu alikuwepo, na hawakupewa chakula."

"Nani hawakupewa chakula?"

"Wapagazi."

"Wapagazi gani? Wako wapi saa hii?"

"Ni wa zamani. Wa misafara."

Alinipiga kofi la sikio. Tangu siku hiyo sikio langu la kushoto husikia kana kwamba watu wanaongea wakiwa ndani ya pipa. "Hii ni lugha ya siri," akawaambia wenzake, nao wakaanza kutupa vitabu kwenye gunia. Mume wangu hakuweza kusimama, kwa hiyo walimkokota kwa miguu. Kichwa chake kiligonga kila kidato cha ngazi, na nilikuwa nasikia kila pigo hadi walipofika chini.

Mkubwa wao alirudi mara moja kuniambia, "Kesho tunakuja na lori kuchukua hivi vingine. Usiguse kitu."

Jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyeuza vitambaa, ndiye aliyetuma mtu Kiamaiko kumwita kaka yangu. Kaka alikuwa mchinjaji wa mbuzi huko. Alifika mchana, bado amevaa viatu vya mpira vyenye damu, kisu chake kikiwa kiunoni ndani ya ala. Aliniangalia uso uliovimba, akaangalia rafu, kisha akauliza mafuta ya taa yako wapi.

"Ya nini?"

"Tunachoma. Kila mtu anachoma. Hukusikia harufu ya karatasi mtaani?"

Alikuwa ameshashika kitabu na kukipasua katikati. Nilimrukia. Sikuwahi kupigana na kaka yangu tangu utotoni, na hata wakati huo alikuwa akinishinda. Alinisukuma ukutani, nikarudi. Akanizaba kofi upande ule ule ulioumia, nami nikamng'ata kifundo cha mkono hadi nikahisi ladha ya chumvi.

"Dada, watakuua," alisema huku akihema. "Kwa karatasi. Ni karatasi tu."

Nilichomoa kile kisu kiunoni mwake na kumwelekezea tumboni. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani.

"Ungenichoma kisu kwa ajili ya hivi?"

"Ningekuchoma."

Kaka akaketi sakafuni katikati ya vitabu, akasema, "Haya. Nisomee. Nataka kusikia vina nini."

Kaka hakwenda shule sana. Nilichukua kilichokuwa karibu, nikafungua mahali palipojaa pensili, nikamsomea. Ilikuwa habari ya mzee mmoja aliyeishi ng'ambo ya mto Athi, si mbali na nyumbani kwetu. Alimsimulia mume wangu kwamba nduguye baba yake alikamatwa akafungwa mnyororo mmoja na wengine. Alipoishiwa nguvu njiani, mnyapara hakutaka kupoteza muda kufungua kufuli, kwa hiyo alimkata kichwa, mwili ukachomoka, na msafara ukaendelea. Pembeni mume wangu aliandika, "Mwandishi anasema alikufa kwa homa."

Kila siku kaka alikata shingo nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, lakini nilimwona akijishika shingo yake mwenyewe.

"Ili asifungue kufuli," alisema.

"Ndiyo."

"Na wao wakaandika ni homa."

"Ndiyo."

Akasimama na kunyoosha mkono nimrudishie kisu chake. "Nitaleta mkokoteni. Lakini watataka kuona majivu, dada. Majivu ya vitabu, si ya magazeti."

Ndipo tulipoanza kuvitenga. Vyenye pensili upande huu, visivyo na pensili upande ule. Vile visivyo na alama vilikuwa vizuri, vingine vipya kabisa, kurasa hazijashikwa. Nilivichoma mwenyewe uani, mchana kweupe, majirani wakitazama madirishani. Vitabu havishiki moto upesi kama watu wanavyofikiri. Inabidi uvifungue na kuvichokoa kwa fimbo, ukurasa kwa ukurasa, kama unayemaliza mnyama asiyetaka kufa. Nililia kwa sauti, na sikuwa naigiza.

Vyenye alama tulivitia kwenye magunia, kaka akavifunika kwa ngozi mbichi za mbuzi zilizokuwa bado zinavuja. Njiani kwenda Kiamaiko, karibu na daraja, kulikuwa na kizuizi cha polisi. Mimi nilikuwa nyuma kidogo, nikijifanya mpita njia. Askari mmoja alikunja pua, akachomoa singe na kuichoma kwenye mzigo, mara hapa, mara pale.

"Umeficha nini?"

"Ni ngozi tu, afande. Napeleka stoo."

Singe ilitoka na damu. Askari akaifutia kwenye shati la kaka, akampiga kitako cha bunduki mgongoni kwa kosa la kunuka, akamwambia apotee. Baadaye tuliona kwamba singe ilikuwa imetoboa kitabu kimoja kuanzia jalada hadi karibu na mwisho.

Kesho yake lori lilikuja kama walivyoahidi. Walipokuta rafu tupu, mkubwa wao alishuka uani, akachokora majivu kwa kiatu, akaokota kipande cha karatasi chenye maandishi ya chapa na kukisoma.

"Nani alikuambia uchome?"

"Niliogopa."

"Uliogopa," alirudia, akacheka. Nadhani aliniamini. Lakini walikuwa wamekuja na lori, na lori halikuwa na cha kubeba, kwa hiyo hasira ilibaki kwangu. Walivunja mguu wa meza yetu wakanipiga nao kwenye nyayo, halafu mabegani, na nilisikia mtulinga ukikatika kama kijiti kikavu. Walipoondoka, yule jirani muuza vitambaa aliingia, akanifunga mkono kwa leso, akanipeleka zahanati. Njia nzima hakuniuliza lolote.

Mume wangu alifungwa miaka kadhaa bila kufikishwa mahakamani, na vitabu vikakaa Kiamaiko miaka hiyo yote, kwenye kona ya stoo ambamo kaka na wenzake walihifadhi ngozi. Kila Jumamosi nilikwenda kuvifungua vipate hewa. Chumvi ya ngozi iliingia kwenye majalada, panya wakala gundi, na kulikuwa na mende wadogo waliopenda karatasi kama wanavyopenda nyama. Nje mbuzi walikuwa wakilia na kunyamaza, wakilia na kunyamaza. Kaka alijifunza kuvigeuza kwa uangalifu, akinawa mikono kwanza. Wakati mwingine aliniomba nimsomee pembeni, hasa habari za watu waliotoroka.

Mume wangu alipoachiliwa nilikuwa nimehamia chumba kimoja. Alirudi mwembamba, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa vikaunga vibaya, vimepindana. Mimi na kaka tulimletea vitabu vyake kwa mkokoteni, furaha imenijaa. Hakutoka kuvitazama. Alisema vinanuka.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amechuchumaa mbele ya jiko, anang'oa kurasa kwa mkono wa kushoto na kuzitia kwenye makaa. Nilimshika bega. Alinigeukia na kunipiga usoni kwa ule mkono uliopinda, nasi tukapiga kelele pamoja, mimi kwa pigo, yeye kwa maumivu ya vidole. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo.

Aliongea akitazama makaa. Alisema walikuwa wakimfungia kwenye chumba chenye maji ya kufika magotini, na wakimtoa wanamkalisha mbele ya lile gunia la vitabu. Mmoja alisoma pembeni, mstari baada ya mstari, mwingine alishika rungu. Kila mstari waliuliza, nani alikuambia hivi, jina lake nani, anakaa wapi.

"Nikawatajia waliokufa," alisema. "Kwa muda mrefu niliwatajia waliokufa tu."

Hakuendelea, nami sikumuuliza waliokufa walipokwisha alifanya nini.

Alinyoosha mkono kuchukua ukurasa mwingine. Nilisimama kati yake na rafu.

"Vyako walivibeba kwenye gunia," nilimwambia. "Hivi ni vyangu. Nimetoa sikio na bega kwa ajili yavyo. Ukitaka kuvichoma, anza na mimi."

Alinyanyua mkono tena, na nilidhani angenipiga. Aliushusha taratibu, akauweka mapajani, akautazama kama kitu alichookota njiani. Usiku huo hatukusemezana, wala siku kadhaa zilizofuata. Zile kurasa zilizoungua nusu nilizibandika mahali pake kwa ujiuji wa unga.

Wiki kadhaa baadaye, tukiwa tumeketi mlangoni Jumapili baada ya kanisa, aliniuliza, "Kile cha reli kipo?"

Nikamletea. Alikisoma muda mrefu, akifunua kwa kiganja. Halafu akagonga pembeni mwa ukurasa kwa fundo la kidole.

"Hapa nilikosea. Huyu mzee alisema njaa ya kwanza, si ya pili. Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mkubwa wa chekechea, chini ya ule wake mdogo. Alilalamika kwamba nammalizia karatasi. Nilimjibu kwamba mwandiko wake uliwapa polisi kazi ya bure, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alicheka, kicheko kifupi kilichogeuka kuwa kikohozi. Tukaendelea hivyo hadi figo zake, zilizopigwa sana, zilipoacha kufanya kazi. Alikufa kabla miaka ya themanini haijaisha, kitabu chake mwenyewe hakijaandikwa.

Baada ya mazishi nilivipeleka vitabu kwa fundi wa kujalidi, kwa sababu vingi vilikuwa vimeachana na migongo. Alikuwa mtu mwema, mwenye mashine ya kukatia karatasi iliyokuwa na wembe mrefu kama mkono wangu. Aliweka kile cha kwanza chini ya wembe na kuanza kukaza.

"Unafanya nini?"

"Nasawazisha kingo, mama. Zimechakaa, na mtu amezichorachora. Tukikata kidogo kitakuwa kama kipya."

Nilitia mkono wangu chini ya wembe, juu ya kitabu. Alirudi nyuma, akaniangalia kana kwamba nina wazimu.

"Shona tu," nikamwambia. "Usikate hata unywele."

Alivishona hivyo hivyo, kingo zikitokeza huku na huku. Havisimami wima vizuri kwenye rafu, na mtu akitaka kimoja hulazimika kushikilia vingine kwa mkono ili visimwangukie.