Siku Niliyojifunga Mkono kwa Sababu ya Gemu

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanawake wa sokoni, kwa sababu wale wakishika habari ya mtu wanaitia chumvi mpaka haiwezi kuliwa. Ni kweli: mimi, nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, mwanamke niliyechunga ngamia kule Sericho nikiwa bado naota meno, nilisomewa dua na mtaa mzima hapa Isiolo nikiwa mzima kama ng'ombe, na sababu ilikuwa mpira wa kwenye tivi. Cheka ukitaka. Mimi bado sijaweza.

Mjukuu wangu Kabale nilimlea mimi, na sasa yuko Nairobi anasomea uuguzi (ndiyo, mjukuu wangu mimi, mtu ambaye shule niliipita kwa nje nikienda kisimani). Alipoenda aliacha mashine yake ya gemu chini ya tivi, na akija likizo tunacheza mpira, yeye rimoti yake na mimi yangu. Lakini likizo iliyopita alinifunga tisa bila, haraka haraka kama mtu anayekanda chapati, akaweka rimoti chini na kuniambia, "Akoo, wewe hunipi mchezo." (Akoo ni vile sisi Waborana tunaita nyanya.) Kisha akaingia kwenye simu yake na hakutoka huko mpaka siku ya kusafiri. Neno hilo lilinibakia kooni kama mfupa. Nyumba ilinyamaza, mimi nikawa napika chai ya watu wawili kwa mazoea na kumwaga kikombe kimoja nje, na redio ndiyo iliyokuwa inanijibu.

Siku moja alipopiga simu nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, watu wanafanya nini ndiyo wawe hodari wa gemu.

"Unajifunga, Akoo," akasema. "Unajinyima kitu. Unachukua timu mbovu, ama unakataa kubonyeza ile ya kukimbia. Ukizoea shida, siku ya kufungua unakuwa moto."

Hiyo niliielewa kuliko mwalimu yeyote. Ngamia tunamfunga miguu ya mbele asipotee, na asubuhi ukimfungulia anaondoka kama ardhi inamchoma. Basi nikajifunga. Wiki ya kwanza sikugusa ile ya kukimbia. Wiki ya pili nikaufunga mkono wa kulia kifuani kwa leso, kwa fundo lile lile la ngamia ambalo mnyama akivuta linazidi kukaza, rimoti nikailaza mapajani na vidole vya kushoto vikawa vinatembea juu yake kama buibui. Wiki ya tatu nikaziba jicho moja kwa kitambaa. Na usinidharau, ilifanya kazi! Mashine iliyokuwa inanichapa kila siku nilianza kuichapa mimi. Idd ilikuwa imebaki wiki mbili na Kabale alikuwa anakuja, na safari hii angekaa kwenye mkeka huu mpaka aombe kupumzika.

Sasa ikafika Alhamisi asubuhi. Naongoza tatu kwa moja, mkono umefungwa, jicho limezibwa, mdomo umeenda upande (nikikaza akili mdomo wangu unahama, nimezaliwa hivyo), jasho linatoka, na jirani yangu Mama Dida akaingia kuazima chujio.

"Salaam aleiku... Wallahi! Mama! Nini imekupata?"

Ningesema nacheza gemu, mambo yangeisha hapo. Lakini mwezi mmoja nyuma, kwenye kikao cha wanawake, mimi ndiye nilisimama nikasema watoto wanaocheza gemu wanaharibika akili, na Mama Dida ndiye alipiga makofi kuliko wote. Kwa hivyo nikasimamisha mchezo, nikazima tivi upesi, rimoti nikaikalia, na nikasema neno moja dogo tu.

"Mkono umelala kidogo."

"Umelala! Usiongee, mama. Usijichokeshe."

Akatoka mbio akipiga kelele kuwa nimepatwa na kiharusi, na kabla sijapata mwanzo wa fundo nyumba ilikuwa imejaa. Nililazwa kwenye godoro kwa nguvu, na rimoti nikaisukuma chini ya mgongo. Kila nikijaribu kuufungua mkono mtu anaushika na kusema acha, acha, usiulazimishe, na fundo la ngamia nalo linakaza. Sheikh akasoma juu ya maji, nikapakwa usoni. Mama Kendi, Mmeru anayeuza mboga pale kona, akaacha meza yake na kuja kunisugua miguu. "Habari ya miguu, nyanya, unanisikia?" Nilikuwa namsikia sana, alikuwa ananitekenya.

Na sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu: nilifurahi. Ule mkeka haukuwa umekaliwa na mtu mwingine miezi mitatu. Watu waliongea juu yangu, wakagombana ni nani achemshe maziwa, mtoto wa mtu akalia, na mimi nikafumba lile jicho langu moja ili nisikie vizuri.

Kisha Mama Dida akaniinamia. "Usiogope. Tumempigia Kabale. Ameshapanda gari."

Hapo ndipo ningesema. Nilijua kesho yake asubuhi ana mtihani wa vitendo, ule wa kuhudumia mgonjwa mbele ya walimu. Nilifungua mdomo, Mama Dida akatia kijiko cha maziwa ya ngamia, na nikameza. Kijiko siwezi kukilaumu. Ndani yangu kitu kilisema, anakuja, na nikanyamaza.

Alifika saa kumi alasiri, macho yamevimba. Hakulia. Alipiga magoti na kunishika uso kama muuguzi kamili (hata katika aibu ile nilijivuna).

"Akoo, cheka nione meno."

Nikacheka. Mdomo ukakaa sawa.

"Inua mkono huu. Huu nao, nani aliufunga?" Akachukua kisu na kukata leso yangu mpya. Mkono ukapanda juu bila kuulizwa. Akatoa kitambaa jichoni, akanigeuza ubavu kutazama mgongo, na rimoti ikaanguka sakafuni. Akaiangalia. Akaangalia chini ya tivi, ambapo taa ya mashine ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Akawasha tivi, na wachezaji wangu wote walikuwa wamesimama pale pale nilipowaacha, tatu kwa moja.

Watu wakasogelea tivi. Kisha Mama Kendi akauliza, "Nyanya ni timu gani?"

"Kumbe tumeombea dua timu ya mpira!" Mama Dida akasema, na hakuwa anacheka. Alichukua chombo chake cha maziwa, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga.

Tukabaki wawili.

"Nimelia kutoka Thika mpaka Timau," Kabale akasema. "Kwa nini, Akoo?"

"Ulisema sikupi mchezo. Nilitaka ukija ukae."

Akaokota rimoti, akairudisha chini ya tivi. "Ungeniambia nikae," akasema, na akatoka kutafuta gari la kurudi, kwa sababu mtihani hauna huruma na nyanya wa mtu. Chai niliyommiminia tulipobaki wawili ilikuwa bado inatoa moshi.

Mtihani aliufanya bila usingizi, na hakupita. Anatakiwa kuurudia mara tu baada ya Idd, kwa hivyo Idd amebaki Nairobi akisoma. Mimi nilisali, nikapika nyama, nikala na redio. Mama Dida huniamkia kwa mbali, kama mtu unayempita barabarani. Siku hizi nacheza na mikono yote miwili na macho yote mawili, naichapa mashine sita, saba, na hakuna wa kumwonyesha.

Lakini nimeapa, na mkinikuta nimevunja mnichape. Zamani Kabale akipiga simu na kuuliza niko aje, nilikuwa namjibu niko sawa tu, nikikaza sauti. Jana aliuliza tena. Nikamwambia, "Niko mzima, siumwi popote. Lakini niko peke yangu, na sipendi."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Haya, Akoo," akasema. "Niambie leo umepika nini."